Zahabu inatoka kwetu, vipimo vinabaki kwao



Munganga akitoa dawa ya ugonjwa wa ubongo, anajua kiasi alichoingiza kwenye damu, lakini hajui ni kiasi gani kimefika kichwani. Ubongo uko na mulango mukali, dawa nyingi hazipite. Anakisia tu. Na sisi tunajua bei ya kukisia: kwa miaka mingi malale ilitibiwa na melarsoprol, dawa yenye arseniki, iliyoua karibu mugonjwa mumoja kwa ishirini.

Leo kuko njia ingine inajaribiwa. Kwenye Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, timu ya Kevin Plaxco inatumia uzi mwembamba wa zahabu uliobeba vipande vya DNA. Kipande kikikutana na dawa kinajikunja, umeme unabadilika, kipimo kinatoka palepale. Mwaka 2023 walitangaza kwamba wamepima antibiotiki vankomisini ndani ya ubongo wa panya wanaotembea, na mashine ikawa inapanga yenyewe kiasi cha dawa. Kwa mutu bado.

Wengine watatuambia: «Hamuna hata maji kwenye bomba, munasema juu ya ubongo?» Tunajibu: vidonge vya fexinidazole vya kutibu malale, vilivyokubaliwa mwaka 2018, vilijaribiwa zaidi hapa Kongo, na Munganga Victor Kande akiongoza. Akili iko. Kinachokosa ni kazi na vyombo.

Tuko na diplome za kemia na biolojia, lakini tunauza unite barabarani. Elektrodi tuliiona kwenye ubao, hatukuigusa hata siku moja. Na zahabu, ile ile ya kutengeneza nyuzi, inashuka kutoka milima yetu kila siku.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Serikali iheshimu ahadi ya Abuja ya 2001, 15% ya bajeti kwa afya, na sehemu yake iende kwa utafiti.

2. Pesa ya madini ijenge laboratware kwenye vyuo vyetu, na vijana waliosoma waajiriwe mule.

3. Siku majaribio kwa watu yatafika huku, mugonjwa aelezwe kwa luga yake kabla ya kutia kidole, na akikataa asinyimwe matibabu.

Hatukatae sayansi. Tunakataa kuitwa siku ya kuchimba na siku ya kujaribiwa tu.