Kuigonga Ardhi Kama Chungu

Mama wa Kyela anunuapo chungu cha Wakisi kule Matema hatoi fedha kabla hajakigonga. Hukiinua, akakipiga kwa kifundo cha kidole, kisha akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hujisema chenyewe. Jumapili hii tumzungumzie mtu ambaye kazi ya maisha yake imekuwa kuigonga ardhi namna hiyo hiyo, chini ya Ziwa Nyasa.

Mtu huyo ni Profesa Christopher Scholz wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi katika mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, ulioongozwa na Profesa Bruce Rosendahl. Kampuni za mafuta zilikuwa miongoni mwa waliougharimia, maana zilitaka kujua kilichofichika chini ya maziwa yetu makubwa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Meli hukokota chombo kinachofyatua hewa iliyoshindiliwa. Mshindo hushuka majini, ukapenya tope na mwamba, na kila tabaka hurudisha mwangwi wake. Kamba ndefu yenye vinasa sauti hufuata nyuma ya meli. Kwa kupima muda wa kila mwangwi, mtaalamu huchora picha ya mahali ambapo jicho halijapata kufika.

Picha hizo zilionyesha kwamba bonde la ufa si mfereji wenye kingo mbili zilizo sawa. Huku kaskazini limeinama upande mmoja: mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, sakafu imezama sana, magharibi, kuelekea Karonga, inapanda polepole. Ndiyo maana asimamaye Kasumulu, penye uwanda wa mpunga, huiona milima ya mashariki imesimama kama ukuta.

Zilionyesha pia jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 1988 Scholz na Rosendahl waliandika katika jarida la Science kwamba miangwi inafichua nyakati ambazo ziwa lilipungua kwa mamia ya mita. Lakini mwangwi ni mwangwi. Nani ameyashika mashapo hayo mkononi? Jibu lilingoja miaka 17. Mwaka 2005 Scholz alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya kutoboa sakafu ya ziwa. Mtambo uliteremshwa katika maji yenye kina cha mita 592, ukachimba mita 380 za mashapo. Mwaka 2007 matokeo yakatangazwa: kati ya miaka 135,000 na 90,000 iliyopita palitokea ukame mkali mno, hata ziwa hili, ambalo leo lina kina cha mita 700 hivi, likabaki na mita 125 tu.

Pengine utauliza, yanatuhusu nini sisi wenye watoto na karo? Basi kumbuka Desemba 2009. Mfululizo wa matetemeko uliipiga Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, kubwa kuliko yote likifikia kipimo cha 6.0. Nyumba zilianguka na watu wakafa. Ardhi haiulizi pasi ya kusafiria mpakani. Baadaye wataalamu wa Tanzania, Malawi na Marekani, Scholz akiwa mmoja wao, walitega vipima matetemeko nchi kavu na ziwani, na mwaka 2015 wakaligonga tena ziwa kwa mishindo ya hewa, ili kuzijua vizuri nyufa zilizo chini yake.

Hakuna mtaalamu awezaye kukutajia siku ya tetemeko. Awezacho ni kukuonyesha ufa ulipo. Yaliyobaki ni juu yetu: mwenye kujenga asibane saruji, aifunge nyumba yake kwa mkanda wa zege juu ya madirisha, na kitanda cha mtoto kisiwekwe chini ya ukuta mbovu. Na kijana apendaye hesabu na fizikia asivunjwe moyo nyumbani, kwani chungu hiki ni chetu. Si vema tungoje wageni watugongee daima.

Mama wa Matema hulipa baada ya kusikiliza. Nasi tusikilize kabla ya kujenga.