Mfamasia Si Mwuza Vidonge

Jina la Gatsata, wilayani Gasabo hapa Kigali, limeambatana kwa miaka mingi na magereji na spea za magari. Dereva wa jeshi au wa polisi aliyezoea barabara ya kutoka Nyabugogo kwenda Gatuna analijua somo la mahali hapo: pedi ya breki ya bandia hufanana na ile halisi mpaka siku gari litakapokuwa kwenye mteremko. Ndiyo sababu dereva mwenye busara hamwachii mpita njia kumchagulia spea. Humtafuta fundi anayeijua kazi yake.

Cha kusikitisha ni kwamba askari huyo huyo, akipatwa na homa, huenda akameza kidonge alichobakiza mwenzake wa bwenini. Au huingia katika duka la dawa, akaagiza dawa kwa jina kana kwamba anaagiza sigara, na akikataliwa huiona sare yake kuwa imedharauliwa. Tabia hii yatoka katika kutojua. Wengi wetu tunadhani kwamba kazi ya mfamasia ni kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha. Yafaa basi tueleze anasomea nini.

Elimu hiyo si ya mwezi mmoja wala ya mwaka mmoja. Muhimbili, Tanzania, na Nairobi, Kenya, zilianza kufundisha famasia katika ngazi ya chuo kikuu mwaka 1974. Shahada hiyo huchukua miaka minne Tanzania na mitano Kenya, na mhitimu hana budi kufanya mazoezi ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kukabidhiwa madaraka kamili. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kina Shule ya Tiba na Famasia.

Mwanafunzi huanza na misingi: kemia, biolojia, hisabati, muundo wa mwili wa binadamu na namna viungo vyake vinavyofanya kazi. Kisha huingia katika famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa inavyotenda mwilini na jinsi mwili unavyoitendea dawa. Hapo ndipo anapojifunza kwa nini dozi ni amri wala si ushauri.

Tuchukue mfano wa dawa mseto ya malaria ya artemeta na lumefantrini. Kwa vidonge vya kawaida, mtu mzima humeza 4 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla vidonge 24. Artemeta hushambulia kwa kasi, ikaua vimelea wengi katika saa za mwanzo, kisha hutoweka mwilini upesi. Lumefantrini ni polepole, lakini hubaki siku kadhaa ikiwasaka waliojificha. Nayo haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Yahitaji chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Basi askari anayejiona mzima siku ya pili akaweka akiba ya vidonge vilivyosalia amefanya kosa la kamanda anayesimamisha mashambulizi kwa kuwa adui amerudi nyuma. Adui huyo atajipanga upya.

Wala hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamegundua nchini Rwanda vimelea vya malaria vyenye badiliko la urithi liitwalo R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini. Miongoni mwa mahali walipopatikana ni Masaka, humu humu Kigali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa gharama kubwa, kwa maana dawa mpya haipatikani kwa kutaka tu.

Somo jingine ni la utengenezaji na upimaji wa ubora. Mwanafunzi huingia maabara, akapima kama kidonge kina kiasi cha dawa kilichoandikwa, kama kinayeyuka kwa wakati unaotakiwa, na kama kila kilichochanganywa humo ni kile kinachodaiwa kuwa. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki nchini Gambia baada ya figo zao kuharibika, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji zilizokutwa na sumu iitwayo dayathilini glaikoli. Mafundi wa magereji huenda wasilijue jina hilo, lakini ni kemikali ya viwandani itumikayo katika baadhi ya mafuta ya breki. Kwa jicho ni kiowevu kisicho na rangi, na kwa ulimi ni kitamu. Maabara peke yake ndiyo ingeweza kuifichua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya kila 10 za tiba ni ya bandia au haifikii kiwango.

Mwanafunzi husoma pia mimea ya dawa. Wanajeshi wanapaswa kuikumbuka historia yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilipoifungia bahari Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Rwanda ilikuwa sehemu yake, kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa sinkona. Jeshi lililokatiwa njia ya bahari liliendelea kupigana kwa sababu walikuwapo watu waliojua kuigeuza miti kuwa dawa.

Mwishoni huja sheria, maadili na mazoezi katika wodi za hospitali. Hapo mwanafunzi hufundishwa kuisoma cheti cha daktari kwa makini, kutambua dawa mbili zisizopatana, na kumrudia daktari pale anapoona kosa. Kwa ufupi, hufundishwa kukataa. Mfamasia asiyeweza kusema hapana, hata kama mbele yake amesimama daktari bingwa, hajahitimu.

Hapa ndipo penye wajibu wetu. Mlinzi wa lango la kambi hamruhusu mtu kupita kwa sababu ya ukubwa wa sauti yake, naye tunamsifu kwa hilo. Mfamasia naye ni mlinzi wa lango. Anapokunyima viuavijasumu kwa kuwa huna cheti, anakulinda wewe, familia yako na wenzako wa kikosi. Mbele ya meza yake hakuna cheo. Kutumia sare kumshurutisha ni utovu wa nidhamu, na makamanda hawana budi kuuona hivyo.

Kwa askari polisi lipo jambo la ziada. Mnapokamata katoni za dawa zisizo na hati, msizihukumu kwa macho wala kwa uzuri wa maandishi yake. Ziandikeni, zifungeni, msiziache juani, kwa maana joto huharibu dawa na huharibu ushahidi pamoja nayo. Kisha zikabidhini kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, ili wenye elimu wazipime.

Ndugu wapiganaji, tunazisafisha bunduki zetu kila siku kwa sababu tunajua kwamba silaha mbovu humgeukia mwenyewe. Dawa nayo ni silaha. Tuimeze kwa amri ya mwenye ujuzi, tuimalize kama ilivyoagizwa, wala tusigawiane mabaki yake bwenini. Na mfamasia atakaposema hapana, tumpigie saluti kwa moyo, kisha twende kwa daktari.