Bei ya mahindi kwa simu haitoshi

Haya, wasomaji, leo nitawaudhi wenzangu. Kila panapofanyika shindano la wanaprogramu hapa Nairobi, halikosi kundi lenye programu ya kumtumia mkulima bei za soko kwa simu. Hadithi ni ileile: dalali anamnyonya mkulima kwa kuwa mkulima hajui bei ya mjini. Mpe bei, dalali kwisha! Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na naona wazo hili limekula muda wetu mwingi mno.

Si jipya pia. KACE ilianzishwa 1997, ikaja kutuma bei kwa arafa. M-Farm ikafuata 2010. Na kuna mahali simu zilisaidia kweli. Kule Kerala, India, kati ya 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa walianza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza ni ufuo upi una wanunuzi. Mchumi Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba faida yao ilipanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4. Lakini mvuvi yule ana mashua. Akisikia bei nzuri, anageuza usukani. Marcel Fafchamps na Bart Minten walipojaribu huduma ya bei kwa arafa kwa wakulima wa vijiji 100 vya Maharashtra, India hiyohiyo, matokeo yao ya 2012 hayakuonyesha nyongeza ya maana katika bei walizolipwa.

Sasa njoo Bungoma. Mkulima wa huko anajua fika kwamba gunia analouza wakati wa mavuno litapanda bei miezi michache baadaye. Hahitaji arafa. Anauza kwa sababu Januari kuna karo, na mwalimu mkuu hangoji soko. Kisha Mei au Juni anarudi kununua kwa gorogoro mahindi kama yale aliyouza, tena kwa bei ya juu. Dalali hapa hafichi siri yoyote. Ana pesa taslimu na mahali pa kuweka mahindi, basi.

Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walijaribu dawa nyingine hukohuko magharibi mwa Kenya, pamoja na One Acre Fund: mkopo wakati wa mavuno, ili mkulima asiuze haraka. Katika makala yao ya 2019, mkopo ulileta faida ya asilimia 29. Tena palipokuwa na wakopaji wengi, bei ya wakati wa mavuno ilipanda, hivyo hata jirani asiyekopa alinufaika. Kampuni haiwezi kumtoza jirani huyo ada, ndiyo maana nasema hili ni jambo la serikali kutia mkono.

Sheria tunayo, ya stakabadhi za maghala, tangu 2019: unapeleka mahindi kwenye ghala lenye leseni, unapewa stakabadhi, unakopa kwa dhamana yake. Yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5 hayafai kuhifadhiwa, kwa hiyo mashine ya kukaushia iwe karibu, na ghala lenyewe lisiwe safari ya nusu siku kwa mkokoteni.

Halafu kuna imani. Tanzania walitutangulia kwa korosho msimu wa 2007/08, na Aprili 2013 kule Liwale nyumba zilichomwa katika ghasia za malipo. Hapo ndipo pana kazi yetu: rekodi ya kilo zilizopimwa, kila kato, na siku ya kulipwa, isomeke hata kwenye mulika mwizi. Ni kazi ya hesabu tupu, haina picha nzuri ya kuwaonyesha majaji.

Kama umewahi kuandika mfumo wa aina hii, hata wa ushirika wa maziwa, niandikie. Nataka sana kujua makato mliyaonyeshaje kwa mkulima asiye na intaneti.