Umenunua au Umekodi?

Watu wakibishana juu ya thamani ya mchezo wa video, aghalabu utawasikia wakihesabu saa. Mmoja atasema: “Mchezo huu nimeununua kwa dola mia, nami nimeucheza saa mia. Basi kila saa imenigharimu dola moja tu. Hata sinema ni ghali kuliko hivyo!” Hesabu yake ni sawa, lakini mizani yake ni mbovu. Saa hizo si mali ya muuzaji hata awe amemuuzia. Ni sehemu ya umri wake mwenyewe, naye amezitoa juu ya fedha alizokwisha kulipa.

Mnunuzi mwenye akili huanza na swali jingine: Nikishalipa, je, kitu hiki ni changu?

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi wa Oktoba 2015, kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Guitar Hero Live. Huu ni mchezo wa kufuata mdundo. Mchezaji hushika gitaa la plastiki lisilo na uzi hata mmoja, lenye vitufe sita shingoni. Alama hushuka katika kioo cha televisheni, naye hutakiwa abonye kitufe kinachohusika kwa wakati wake, sambamba na muziki. Mchezo pamoja na gitaa lake uliuzwa huko kwa takriban dola 100.

Ndani ya diski mlikuwa na nyimbo 42. Nyingine zote zilikaa katika mitambo ya kampuni, zikimfikia mchezaji kwa njia ya intaneti, na zikaongezwa hata jumla ikafika 484. Lakini katika nyimbo hizo za mbali, mchezaji hakuweza kununua hata mmoja ukawa wake. Angeweza kufuata zile zilizopangwa kupita saa hiyo. Ama akitaka kuchagua mwenyewe, alitoa tokeni, ambazo huzipata kwa kucheza sana au kwa kutoa fedha tena. Tokeni moja ilikuwa ni wimbo mmoja, kwa mara moja.

Tarehe 1 Desemba 2018 mitambo ile ikazimwa. Zikabaki zile 42 za diski. Katika kila nyimbo kumi, zaidi ya tisa zilitoweka, na gitaa la plastiki likabaki ukutani. Baadaye kampuni ilikubali kuwarudishia fedha walionunua nchini Marekani kati ya 1 Desemba 2017 na 1 Januari 2019. Je, yule aliyeuamini mchezo tangu siku ya kwanza? Huyo hakuwamo.

Watetezi watasema: kila kitu huchakaa, na mitambo ina gharama. Ni kweli. Lakini kuchakaa ni jambo moja na kunyang'anywa ni jambo jingine. Shati huchakaa mwilini mwa mwenyewe. Muuza mchele hawezi kuja nyumbani kwako baada ya miaka mitatu, akalichukua gunia, na akakuachia vibaba viwili vya chini, kwa hoja kwamba ghala lake limekuwa ghali kulitunza! Wala kukodisha si aibu. Mpangaji hulipa kodi akijua kwamba nyumba si yake. Lawama yetu ni juu ya kitu kinachowekwa dukani kama cha kuuzwa, kwa bei ya kuuzwa, hali ya kuwa sehemu yake kubwa ni ya kuazimwa.

Tusidhulumu kwa kuhukumu michezo yote kwa kosa la mmoja. Katika mchezo wa Rock Band, uliotoka mwaka 2007, wimbo ulionunuliwa uliingia ndani ya mashine ya mnunuzi. Na mchezo wa Rocksmith, uliotoka mwaka 2011, uliunganishwa kwa waya na gitaa la kweli. Mchezo huo hata ukifa, gitaa ni gitaa, na vidole vilivyojifunza nyuzi havisahau upesi. Anayebonya vitufe sita vya plastiki kwa miaka mitatu, akipewa gitaa la nyuzi, ataanza alifu.

Basi ewe msomaji, na hasa wewe mzazi unayeombwa fedha na mwanao, uliza mambo matatu kabla ya kulipa. Intaneti ikikatika, kitabaki nini? Muuzaji akifunga duka, kitabaki nini? Na mchezo ukiisha, mikononi na kichwani mwa mchezaji kitabaki nini? Jibu likiwa “hakuna” mara tatu, kitu hicho ni ghali hata kwa dola kumi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sisi leo twaazima, na twalipa bei ya kununua.