Injini Mpya Si Lori Jipya

Askari akisha kupokea kiinua mgongo, wazo la kununua lori kuukuu huingia nyumbani upesi. Katika upande wa Mbarara kazi ya lori haikosekani. Isingiro ni wilaya ya ndizi, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyomo wilayani humo tangu miaka ya 1950, yana wakulima na wachuuzi ambao mizigo yao hupelekwa mjini. Linalobaki ni kuchagua lori lenyewe.

Tuseme familia imeonyeshwa Bedford ya mtindo wa TJ, mtindo uliotolewa Uingereza mwaka 1958. General Motors iliacha kuunda malori ya Bedford nchini humo katika miaka ya 1980, hivyo vipuri vya injini ya asili ni adimu. Kwa sababu hiyo injini ya petroli imeng'olewa na dizeli ya Isuzu imetiwa mahali pake. Muuzaji husifu injini tu. Mnunuzi mwenye busara huanza na breki.

Breki za lori la namna hii husaidiwa na busta inayotumia nguvu ya ombwe. Injini ya petroli hulifanya ombwe hilo yenyewe inapovuta hewa kupitia kabureta. Dizeli hailifanyi ipasavyo. Huhitaji pampu yake. Fundi akiisahau pampu hiyo, lori tupu litasimama bila shida uwanjani, lakini likishuka vilima vya Isingiro na tani kadhaa za matoke, mguu wa dereva peke yake hautatosha.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, injini iwashwe. Pedali ikididimia kidogo, busta inafanya kazi. Isipodidimia, mazungumzo ya bei yasimame hapo.

Baada ya breki, yafuatayo yatazamwe. Dizeli ni nzito kuliko petroli, basi springi za mbele zisiwe zimelala. Kama injini imetoka katika gari la volti 24 na lori ni la volti 12, stata, taa na nyaya zote zichunguzwe. Dizeli huzunguka polepole zaidi. Difu ikiwa ni ile ya zamani, lori litakuwa zito barabarani ingawa injini inanguruma. Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, kisha lori lipandishe kilima likiwa na mzigo. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya mafuta ya injini kuungua.

Mwisho ni karatasi. Namba iliyopigwa kwenye bloku ilingane na ile ya kitabu cha gari, na muuzaji aonyeshe hati ya mahali injini iliponunuliwa. Injini isiyo na asili yaweza kuwa ya wizi, na hasara itamwangukia mwenye lori.

Fundi wa kulipima lori asiwe yule aliyeitia injini. Mume na mke nao wakubaliane mapema kiasi cha akiba kitakachobaki kwa matengenezo. Fedha ya utumishi wa miaka mingi haiji mara ya pili.