Ajali ina kinga: Somo la warukaji wa angani

Wahenga wetu walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hii imeota mizizi vinywani mwetu hata imekuwa kama shuka la kufunikia kila jeraha. Basi likitumbukia mtoni, ajali haina kinga. Jengo likiporomoka, ajali haina kinga. Bweni likiteketea pamoja na watoto wa watu waliolala ndani, twainua mikono juu na kusema yayo hayo. Leo nataka kuihoji methali hii, na mashahidi wangu ni watu ambao wengi wetu tungewadhania kuwa wa mwisho kuulizwa habari za usalama. Hawa ni watu wanaoruka kutoka ndegeni kwa kujifurahisha, wakateremka kwa miavuli ile iitwayo parachuti.

Mwezi wa Januari mwaka mmoja nilikuwa Diani, katika pwani ya Kwale, na aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye siku hizi ni mpenzi wa mchezo huo, alinialika nikatazame. Nilikwenda nikitarajia kukuta vijana wenye vichwa maji wasiojali uhai wao. Nilichokiona kilikuwa kinyume. Mzee mmoja mwenye mvi, ambaye niliambiwa ameruka zaidi ya mara elfu moja, alimgeuzia mgongo msichana aliyekuwa bado mwanagenzi, akasimama kimya kama mtoto anayefungwa vifungo vya sare na mamake. Msichana alifunua kifuniko cha mfuko wa mwavuli, akaitazama pini, akaifuata mikanda kwa kidole mmoja baada ya mwingine, kisha akamgusa mzee bega kumwashiria kuwa yu tayari. Halafu wakabadilishana nafasi. Mzee hakumwambia, "Wewe ni nani hata unikague mimi?" Tendo hilo dogo lilinishughulisha akilini kuliko kuruka kwenyewe.

Ili tuelewane, yafaa nieleze mambo yalivyo. Mrukaji aghalabu hutoka ndegeni akiwa kiasi cha mita 4,000 juu ya ardhi. Huanguka kwa muda wa dakika moja hivi, kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, kabla ya kuufungua mwavuli wake. Mgongoni amebeba miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Mkuu ukikataa kufunguka sawasawa, ana sekunde chache tu za kuuachilia uende zake na kuufungua ule wa akiba. Hapana nafasi ya kuunda kamati ya uchunguzi.

Hata hivyo, hesabu zinastaajabisha. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kilihesabu wastani wa vifo zaidi ya 40 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Mwaka wa 2023 chama hicho hicho kiliandikisha vifo 10, na hiyo ni katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3 na laki 6 u nusu. Sisemi kwamba vifo 10 ni vichache; kwa mama aliyefiwa, kimoja ni vingi. Nasema tu kwamba ikiwa ajali haina kinga, basi tuelezwe ni nini kilichowakinga hawa.

Sehemu ya jawabu ni vyombo. Katika miaka hiyo ya 1970 Mmarekani Bill Booth alibuni mtambo wa pete tatu unaomwezesha mrukaji kuuachilia mwavuli ulioharibika kwa kuvuta mpini mmoja. Mwaka wa 1991 Mjerumani Helmut Cloth alianza kuuza kifaa kiitwacho CYPRES, ambacho hupima kasi na kimo. Kikitambua kuwa mwenyewe bado anaporomoka huku ardhi imekaribia, labda kwa kuwa amezirai, hukikata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba ili ufunguke. Watu wengi wako hai leo kwa ajili ya kifaa hicho.

Lakini vyombo pekee havitoshi, na aliyelisema hilo waziwazi ni Booth mwenyewe. Ana kanuni yake inayojulikana sana miongoni mwa warukaji, kwamba kadiri vyombo vinavyozidi kuwa salama ndivyo watu wanavyozidi kujitia hatarini, hata faida yote ikaliwa. Ushahidi wa maneno yake upo. Katika miongo ya karibuni, sehemu kubwa ya vifo katika mchezo huu imewapata watu ambao miavuli yao ilikuwa imefunguka vizuri kabisa. Walikata kona kali karibu na ardhi, ama kwa kutafuta kasi na sifa, ama kwa kujaribu kukwepa kizuizi walichokiona wamechelewa, wakajipigiza chini. Mwavuli haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika uamuzi.

Kwa hiyo warukaji wamejenga kinga ya pili, nayo ni ya kijamii. Chini ya kanuni za USPA, leseni ya kwanza haipatikani kabla ya miruko 25, na ya juu kabisa haipatikani kabla ya 500. Mwavuli wa akiba hukunjwa na fundi aliyehitimu, wala si na yeyote mwenye mikono. Vifaa hukaguliwa kabla ya kuvaliwa, hukaguliwa tena kabla ya kupanda ndege, na mara nyingine tena kabla ya mlango kufunguliwa. Upepo ukizidi, watu huketi chini hata kama wamelipa na wametoka mbali. Na anayerukaruka kwa kiburi huitwa kando akaambiwa, na akishupaa huzuiwa kupanda ndege. Anayemzuia si adui yake. Mara nyingi ni yule yule aliyecheka naye jana.

Hapa ndipo udugu wao unaponivutia. Ndani ya ndege, kabla ya kutoka, hugusana mikono mmoja mmoja, mgeni na mwenyeji, tajiri na asiye nacho. Atendaye jambo kwa mara ya kwanza hudaiwa kreti ya kinywaji, nacho hakifunguliwi mpaka ndege ya mwisho ya siku iwe imetua. Utani ni mwingi. Lakini utani huo hukoma mara moja mmoja wao akisema, "Ngoja, mkanda wako umepinda." Kwao, kumpenda mwenzako ni kumwambia mkanda wake umepinda. Sisi tumezoea kwamba kumpenda mwenzako ni kumsitiri.

Kisha kuna kinga ya tatu, na hii ndiyo iliyonifanya mimi, mwalimu wa isimu, nishike kalamu. Mrukaji akiponea chupuchupu, husimulia. Huketi na wenzake jioni hiyo hiyo akasema, "Nilichelewa kutazama kimo. Nilivuta mpini usiofaa kwanza." Na mtu akifa, jarida la chama chao huchapisha taarifa ya mkasa bila kumtaja jina. Husema alikuwa ameruka mara ngapi, alifanya nini, hakufanya nini, na wengine wajifunze nini. Jina hufichwa, kosa halifichwi. Kwetu mambo huenda kinyume. Jina la marehemu hutangazwa redioni kutwa nzima, na kosa huzikwa pamoja naye.

Tazama jinsi tunavyozungumza. Neno ajali lina asili ya Kiarabu, na huko ni muda uliowekwa, hasa ule ukomo wa uhai ambao binadamu hawezi kuusogeza mbele wala nyuma. Kwa maana hiyo wahenga hawakukosea, kwa kuwa ukomo ulioandikwa hauna kinga. Waliokosea ni sisi, tuliolitwaa neno lilo hilo tukalivisha tairi lililoisha, dereva aliyekesha na kufuli iliyofungwa kwa nje. Tukiyaita hayo ajali, tunamsingizia Mungu kazi ya mikono yetu.

Sarufi nayo hutusaidia kukwepa. Kila mwanafunzi wa sekondari anaijua kauli ya kutendeka. Mtoto akiangusha kikombe hasemi, "Nimekivunja." Husema, "Kimevunjika," kana kwamba kikombe kiliamka asubuhi kikaamua kujivunja. Tukiisha kukua twasema gari lilipoteza mwelekeo, breki zilikataa, moto ulizuka. Gari, breki na moto ndivyo watenda. Binadamu hayumo katika sentensi. Simaanishi kuwa lugha yetu ina hatia. Kauli ya kutendeka ni pambo la Kiswahili na ina kazi zake halali. Ila lugha hiyo hiyo ina kauli ya kutenda pia, nasi tunaikimbia pale tunapoihitaji zaidi.

Ni lazima nianze na nafsi yangu. Kabla ya kuingia chuo kikuu nilifundisha kwa muda mfupi katika shule moja ya bweni. Usiku mmoja nikiwa mwalimu wa zamu, nilikuta bweni la wavulana limefungwa kufuli kwa nje, taa zimezimwa, wanafunzi wamo ndani, na bawabu mwenye ufunguo haonekani. Nilimtafuta karibu nusu saa ndipo nikampata. Tukafungua. Nilijiambia kuwa nitalieleza jambo hilo katika mkutano wa walimu. Asubuhi nikaona haya. Nilihofia kumchongea bawabu na kumuudhi naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa ametoa amri ya kufuli ili wavulana wasitoroke. Katika kitabu cha zamu niliandika neno moja, "Shwari." Hapakuwa na moto usiku ule, kwa hiyo hapakuwa na kisa. Lakini nilijua vyema yaliyotokea Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001, ambako wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa usiku, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Nilijua, na bado nikaandika shwari.

Mwaka wa 2008 serikali ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Maarifa, basi, tulikuwa nayo. Mnamo Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni kule Endarasha, Nyeri. Sitaki kuhukumu kisa hicho hapa. Nauliza tu: katika mabweni yetu yote, ni walimu wangapi usiku wa leo wataona jambo lisilofaa, kisha waandike shwari?

Kuna watakaonijibu kuwa mchezo wa Diani ni wa wenye fedha, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani hawezi kulinganishwa na mtalii. Ni kweli pete tatu na kifaa cha CYPRES ni ghali. Lakini kumgeuzia mgongo mwanagenzi akukague hakugharimu hata senti. Wengine watasema kuwa tukiwapa wanafunzi ruhusa ya kukosoa, nidhamu itaporomoka. Nionavyo mimi, nidhamu ya yule mzee mwenye mvi haikuporomoka alipokaguliwa na msichana. Ilithibitika. Tena wengine watahofia kuwa anayekiri kosa atafutwa kazi, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo sababu lazima tutofautishe aliyekosea akasema na aliyejua akanyamaza. Wa kwanza ashukuriwe na kusahihishwa; wa pili ndiye awajibishwe. Mpaka sasa tumekuwa tukifanya kinyume.

Napendekeza mambo matatu, yote ya bei rahisi. Kwanza, kila shule iwe na daftari la visa vya kuponea chupuchupu, ambamo mwalimu, mpishi, dereva au mwanafunzi ataandika alichokiona bila kutaja majina, nalo lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Pili, kabla ya basi la shule kuondoka na kabla ya taa za bweni kuzimwa, wawili wakague pamoja, na mmoja wao awe mwanafunzi; naye akisema "ngoja," basi lingoje. Tatu, sisi walimu wa Kiswahili tunapofundisha kauli ya kutendeka, tusiishie kwenye mnyambuliko. Tumwombe mwanafunzi aigeuze sentensi "mlango ulifungika" iwe ya kutenda, kisha tumuulize: nani aliufunga?

Wahenga hao hao waliotuachia "ajali haina kinga" walituachia pia "mficha maradhi kifo humuumbua." Kwa miaka mingi tumeitumia ya kwanza, na makaburi ya watoto wetu ni ushahidi. Umewadia wakati wa kuishika ya pili.