Karatasi Inayosikiliza Kifua

Mtoto hasahau upesi kazi ya mikono yake. Mwaka 1816, mjini Paris, mganga Laennec alikunja karatasi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake; akasikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Ndiyo asili ya chombo ambacho waganga huvaa shingoni.

Wanafunzi, kunjeni karatasi vivyo hivyo, mkasikilize pumzi mgongoni mwa mwenzenu. Kisha choreni mapafu: la kuume lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Pembeni choreni adui zake: moshi wa jiko ndani ya nyumba, sigara, kifua kikuu.

Picha hiyo ipelekeni nyumbani. Labda baba anakohoa tangu majuma matatu, naye asema, "Ni baridi tu." Mwonyesheni kwa heshima, mkamwombe aende hospitali. Kifua kikuu huponywa kwa dawa zinazomezwa kila siku bila kukatiza, kwa kawaida miezi sita. Laennec mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1826. Siku zile dawa haikuwapo. Leo ipo, basi tusikawie.